Sanduku la Kufundishia Ulishaji wa Boila

(Hotuba iliyosomwa na ndugu wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa wanachama. Yachapishwa hapa kwa ajili ya wale walio zamu na hawakuweza kufika.)



Sisi si walimu wala si mainjinia. Sisi ni watu wa spana, na wengi wetu masomo yetu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini mlituagiza tuje na sanduku letu, tueleze lilitoka wapi na lafaa nini. Sanduku ndilo hili mezani. Walio nyuma tafadhali wasogee mbele, maana jambo hili ni la kuona kwa macho kuliko la kusikia.

Huenda mtu akauliza: watu wa reli wana shauri gani na boila siku hizi? Injini za mvuke ziliondoka katika kazi ya reli yetu kufikia mwaka 1980 hivi, na hata treni mpya ya Mombasa iliyoanza mwaka 2017 yavutwa kwa dizeli. Ni kweli. Lakini boila hazikuondoka Kenya. Ziko katika viwanda vya majani ya chai, viwanda vya sukari, viwanda vya maziwa, hospitali, na dobi za hoteli kubwa. Na wanaozichunga usiku na mchana ni ndugu zetu na watoto wetu. Sanduku hili lilianza kwa ajili ya mmoja wao.

Ndugu huyo alikuwa mchunga boila katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Usiku mmoja maji yalipungua ndani ya boila, moto ukiwa unawaka. Mabomba yaliungua yakapinda, na kazi ikasimama siku nyingi. Twamshukuru Mungu hakufa mtu. Alipoulizwa, alijibu: "Mimi niliangalia kioo cha maji, na kioo kilionyesha nusu." Wakubwa wakasema haiwezekani. Maji yawezaje kuwa nusu katika kioo na ndani ya boila yasiwepo? Basi wewe ulilala. Akapewa barua ya kufukuzwa, na ndani yake yakaandikwa maneno haya: alilala kazini.

Alikuja kwetu na barua ile. Na sisi, twasema kwa aibu, hatukumwamini. Tulimpa pole kama mtu anavyompa pole mwenye makosa.

Aliyemwamini ni mzee mmoja tu, aliyekuwa faiaman wa injini za mvuke katika ujana wake. Mzee alisoma barua, akaikunja, akasema: "Kioo ni shahidi. Lakini shahidi naye huweza kusema uongo. Nendeni mkanunue mpira wa leveli wa mwashi, niwaonyeshe."

Hapo ndipo sanduku lilipoanzia.

Kwa nini boila hulishwa

Kwanza tukumbushane kazi yenyewe. Boila hutoa mvuke, na kila mvuke unaotoka ni maji yaliyopungua. Lita 1 ya maji ikichemka hujaa nafasi ya lita 1,600 na zaidi kwa mvuke. Kwa hiyo boila hula maji saa zote, na lazima ilishwe kwa kipimo kile kile inachokula. Ukiilisha mno, maji huchukuliwa pamoja na mvuke na kuharibu mashine mbele. Ukiilisha kidogo, chuma hubaki wazi mbele ya moto.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani maji katika boila ni ya kutoa mvuke tu. La. Maji ndiyo ngao ya chuma. Katika boila yenye presha ya bar 10, maji hayo yana joto la digrii 180 hivi, na chuma kinachoguswa na maji hakiwezi kupata moto zaidi sana ya hapo. Maji yakiondoka, chuma hicho hicho hupanda. Kikifika digrii 600 kimepoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, na presha bado yakisukuma. Ndipo hupinda, na ndipo hupasuka. Kikipasuka, maji ya moto yaliyobaki hugeuka mvuke kwa ghafla, na nyumba hubomoka.

Na mchunga boila hawezi kuona ndani. Ana kioo kimoja au viwili, geji ya presha, na masikio yake. Maisha yake na ya wenzake yamo katika bomba la kioo lisilozidi urefu wa mkono.

Sanduku lenyewe

Tazameni. Ni sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60. Mtu mmoja hulibeba, na hupanda nalo matatu bila kugombana na makanga. Chini ni chupa ya plastiki: hilo ndilo tangi la maji ya kulisha. Hii ni pampu ndogo ya kunyunyizia kioo cha motokaa, nayo yapata nguvu kwa betri ya pikipiki. Kutoka pampu maji hupanda kwa mpira, hupita vali isiyorudisha maji, huingia chupa hii ya juu. Hiyo ndiyo boila. Ubavuni ni kioo cha maji, nasi tumekitengeneza kwa mpira wa leveli wa mwashi, wenye koki tatu: ya juu upande wa mvuke, ya chini upande wa maji, na ya kumwagia. Taa nyekundu ndiyo moto. Ndani ya boila kuna boya la tangi la choo, ambalo maji yakishuka huzima taa. Na koki hii huyarudisha maji polepole kwenye tangi: ndiyo mvuke unaotumika kiwandani. Maji tumeyatia rangi ili yaonekane.

Hakuna moto, hakuna presha, hakuna kitu cha kumwunguza mtu. Mtoto aweza kulichezea.

Lakini sikilizeni. Mifano mingi tuliyoiona ni mizuri kwa kutazama tu. Imepakwa rangi, maji yazunguka, mgeni asema vizuri sana, basi. Mfano wa namna hiyo haufundishi mchunga boila, maana mambo yakienda vizuri hahitaji kufundishwa. Sanduku letu tulilifanya ili liharibike. Kila koki yaweza kufungwa, kila kitu chaweza kuzibwa. Tunaliharibu mbele ya mwanafunzi, naye atafute ubaya uko wapi. Akikosea hapa, hamwagi ila kikombe cha maji. Akikosea kule, aweza kumwaga damu.

Kioo kinachosema uongo

Kila mwashi ajua kwamba maji katika mpira wa leveli hulingana pande mbili. Na kila mwashi ajua kwamba ukiziba ncha moja kwa kidole, leveli husema uongo na ukuta huenda upande. Kioo cha boila ni jambo hilo hilo.

Sasa maji ni nusu katika boila na nusu katika kioo. Twafunga koki ya chini, kana kwamba imezibwa na tope. Twafungua koki ya mvuke, nasi hatulishi. Tazameni boila: yapungua. Tazameni kioo: nusu. Boila imebaki robo: kioo, nusu. Boila imekwisha kabisa, na kioo bado chasema nusu.

Twajaza tena. Safari hii twafunga koki ya juu na kuacha ya chini wazi. Boila yapungua tena, na maji katika kioo yananing'inia pale pale, kwa sababu hewa haina njia ya kuingia juu yake. Katika boila ya kweli ni vibaya zaidi, maana mvuke uliofungiwa juu ya kioo hupoa na kuwa maji, na kioo hupanda. Mchunga boila huona maji yakiongezeka, naye aweza hata kusimamisha pampu, huku boila ikifa kiu.

Dawa yake ni kukipuliza kioo mwanzoni mwa kila zamu. Funga koki ya maji, fungua ya kumwagia: mvuke utoke kwa nguvu. Kisha funga ya mvuke, fungua ya maji: maji yatoke kwa nguvu. Kisha funga ya kumwagia, fungua zote mbili, utazame maji yarudipo. Yakirudi upesi, kioo kinasema kweli. Yakirudi polepole, kuna uchafu njiani. Yasiporudi, na hujui maji yako wapi, shika amri moja: zima moto kwanza, kisha mwite fundi. Usilishe maji baridi juu ya chuma kilichoungua.

Mwakilishi wetu alipokwenda kuzungumza na wakubwa wa kiwanda kile, alibeba sanduku hili. Aliliweka mezani, akamwomba bwana mmoja afunge koki ya chini kwa mkono wake mwenyewe. Bwana akafunga. Boila ikaisha, kioo kikabaki nusu. Chumba kilinyamaza. Kisha mwakilishi akauliza maswali mawili: Je, ni nani aliyemfundisha mtu huyu kupuliza kioo? Na kioo kile kilisafishwa lini? Swali la kwanza lilikosa jibu. La pili lilikosa kitabu.

Ndugu, hatutawadanganya. Sanduku halikuthibitisha kwamba kioo kilizibwa usiku ule. Lilithibitisha kwamba ingeweza kuwa hivyo, na kwamba mtu aweza kuwa macho kabisa na bado akaona nusu. Ndugu yetu hakurudishwa kazini. Lakini maneno "alilala kazini" yalifutwa, akaandikiwa barua nyingine, na kwa barua hiyo alipata kazi mahali pengine. Yuko hapa leo, ameketi karibu na dirisha. Hatutamtaja.

Makosa mengine matatu

Haya tutayapitia upesi, nanyi mtayajaribu wenyewe baada ya chai.

La kwanza ni vali isiyorudisha maji. Twatia punje ya mchanga chini ya kifuniko chake, kisha twasimamisha pampu. Maji yarudi tangini polepole, na hakuna mtu aliyefungua kitu. Katika boila ya kweli, dalili yake ni bomba la kulisha kupata moto karibu na pampu mahali lisipostahili. Mchunga boila mwenye busara hulipitia bomba hilo kila zamu, wala hangoji kuambiwa.

La pili ni boya. Twalifunga boya kwa uzi ili lisishuke. Maji yaisha, na taa nyekundu yaendelea kuwaka. Siku hizi boila nyingi hujizima zenyewe maji yakipungua, na vijana huambiwa, "Hii ni otomatiki, usijali." Boya lililokwama kwa tope halijui kwamba linaitwa otomatiki. Nalo ni la kujaribiwa kwa zamu, kama kioo.

La tatu ni mwinamo. Twaweka Biblia ya mzee chini ya ncha moja ya sanduku, naye ameturuhusu. Boya na lita ni zile zile, lakini kioo kimepanda upande mmoja, na upande wa pili chini pamekuwa pakavu. Hili lilikuwa shauri kubwa la reli. Njia yetu hutoka usawa wa bahari Mombasa na kupanda hata Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Injini ikishuka mteremko, maji yalikimbilia mbele, na dari ya tanuri iliyo nyuma ilikuwa hatarini kubaki wazi. Faiaman alipaswa kuujua mlima kabla ya kuufikia. Anayetaka kuona kazi hiyo ilivyokuwa na aende jumba la makumbusho la reli, Nairobi. Iko pale injini 5918, Mount Gelai, mmoja wa Garratt 34 zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956.

Pia tuna vipande viwili vya kupitisha mkononi. Kimoja ni bomba la boila lililokatwa, nalo limejaa ukoko mweupe ndani, kama ule wa birika la chai. Ukoko huzuia joto lisifike kwenye maji, na chuma huungua ingawa maji yapo. Ndiyo maana maji ya kulisha hutiwa dawa kwa kipimo, na tope hutolewa chini ya boila kwa saa zake. Cha pili ni injekta nzee tuliyoipasua katikati kwa msumeno. Aliyeibuni ni Mfaransa Henri Giffard, mwaka 1858. Kabla yake, injini za treni zililishwa kwa pampu zilizosukumwa na mwendo wa injini, hata dreva aliyesimama stesheni muda mrefu ilimlazimu kuendesha mbele na nyuma ili apate kulisha. Injekta haina kitu kinachozunguka. Mvuke hupita kwa kasi katika tundu jembamba, hukutana na maji baridi, hupoa, na kasi yake husukuma maji ndani ya boila ile ile ulikotoka. Maji yakiwa ya moto mno, mvuke haupoi, na injekta hukataa kazi.

Ambayo sanduku haliwezi

Mwalimu mwaminifu husema pia mahali mfano wake unapokosea. Sanduku letu halina joto. Haliwezi kuonyesha jinsi pampu inavyoshindwa maji ya tangi yakiwa karibu kuchemka, hata yakageuka mvuke ndani ya pampu. Kwa sababu hiyo, katika kazi ya kweli tangi la maji ya moto huwekwa juu ya pampu, si chini kama letu. Na sisi wa bara tukumbuke kwamba Nairobi maji huchemka karibu digrii 95, si 100 kama Mombasa.

Wala haliwezi kuonyesha maji yanavyovimba mvuke ukichukuliwa kwa ghafla. Kwa hilo twatumia chupa ya soda. Itikise, ifungue: povu lapanda, lakini soda haikuongezeka. Vivyo hivyo kiwanda kikivuta mvuke mwingi mara moja, kioo hupanda wakati maji yanapungua. Mjinga husimamisha pampu. Aliyeiona soda hungoja kidogo.

Wenzetu walifanyaje

Jambo la wafanya kazi kujifundisha wenyewe si geni. Katika Uingereza, enzi za mvuke, madreva na mafaiaman walikuwa na vyama vyao vidogo vya kuendelezana. Walikutana baada ya zamu, hata siku za Jumapili, bila malipo, wakiwa na mifano ya vali na injekta zilizopasuliwa kama hii yetu. Mafaiaman wengi walipata udreva kwa masomo hayo. Huko Marekani, reli ziligeuza mabehewa kuwa darasa, zikafunga ndani yake vifaa vya breki za hewa, na behewa likapelekwa kutoka depo hata depo. Waliona kwamba ni rahisi kulipeleka darasa kwa mtu kuliko kumtoa mtu zamuni.

Sisi tunavyo vyuo. Chuo cha reli Nairobi kimekuwapo tangu mwaka 1956. Lakini mtu anayetia kuni katika boila ya chai milimani saa nane ya usiku hatakuja Nairobi. Sanduku litamfuata.

Wala mwajiri asiseme mafunzo ni hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanya kazi maelezo, mafunzo na usimamizi ili wawe salama. Asiyemfundisha mtu kisha akamfukuza kwa kutojua, amekosa mara mbili.

Tunayoomba

Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi matatu mbele ya mkutano.

Kwanza, kila tawi lenye wanachama wanaochunga boila litengeneze sanduku lake. Tutatoa mchoro bure, na mmoja wetu atakuja Jumamosi moja kusaidia.

Pili, wawakilishi wetu waombe saa moja kila mwezi, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya somo. Na dada zetu wa dobi na wa jikoni za hospitali wasiachwe nje, maana mvuke haumbagui mtu.

Tatu, kila anayejaribiwa katika sanduku aandikwe katika kitabu cha tawi: jina, siku, na makosa aliyoyagundua. Siku ya taabu, kitabu hicho kitasema kwa niaba yake.

Sisi tulimwona ndugu yetu kuwa mwongo kwa sababu hatukujua mpira wa mwashi unaweza kufanya nini. Hatutaki kurudia kosa hilo. Sasa koki ziko wazi, betri imejaa. Aje mmoja aharibu, na mwingine atafute.